Daftari la Miguu

Sevda hakuketi. Alisimama katikati ya karakana, akalitoa buti la binti yake Mila kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka juu ya meza ya kukatia ngozi taratibu, kama mtu anayerudisha sahani chafu kwa mwenyewe.

Lilikuwa buti jipya la mguu wa kushoto. Soli yake ilinyanyuliwa sentimita tatu na nusu, kwa kuwa mguu huo wa Mila ulikuwa mfupi tangu kuzaliwa. Lakini mwaka jana Mila alipasuliwa huko Plovdiv, mguu ukarefushwa, na mwezi wa pili akaja kupimwa upya. Upungufu uliobaki ulikuwa sentimita moja na robo. Siku nne alizovaa lile buti zilikuwa zimempa maumivu ya nyonga, akawa halali.

"Mlimpima kwa mikono yenu," Sevda alisema. "Nilikuwa nimekaa pale, nikaona. Sasa nyinyi mnapima halafu mnashona mnavyokumbuka?"

Ralitsa ndiye aliyempima. Alifungua mdomo kusema, lakini mama mkwe wake alimtangulia. Tota alikuwa na miaka sabini na moja, na kalibu nyingi za mti zilizotoka katika karakana ile, zile ambazo kiatu hujengwa juu yake, zilichongwa na yeye. Alilichukua buti, akaligeuza, akasema kwamba yeye amechonga na kunyanyua kulingana na daftari, na daftari lilisema tatu na nusu.

"Haliwezi kusema hivyo, mama," Ralitsa alisema. "Nililibadilisha siku ileile."

"Basi limejirudisha lenyewe," Tota alijibu, na macho yake hayakuwa kwa Ralitsa. Yalikuwa kwa Sevda, yakimwomba radhi kwa niaba ya mtu wa tatu.

Mincho, mume wa Ralitsa, aliendelea kushona. Alikuwa na kipaji cha kutosikia kilichokuwa kikisemwa kati ya mama yake na mke wake, na kipaji hicho alikuwa amekinoa kwa miaka kumi na minne. Sevda alipotoka, kengele ya mlango ililia mara mbili, kwa sababu aliubamiza ukarudi.

Tota alivua miwani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuagiza chumvi, kwamba ile hati ya Ijumaa kwa mwanasheria, ya kuwakabidhi karakana, itabidi ibadilishwe. Karakana ingeandikwa jina moja tu, la Mincho. Jina la Ralitsa lingengoja.

"Lingoje nini?" Ralitsa aliuliza.

"Lingoje nijue nani anacheza na daftari langu."

*

Daftari lenyewe halikuwa la karatasi. Lilikuwa programu ndani ya kompyuta, na liliandikwa mwaka tisini na saba na mhandisi mmoja aliyeachishwa kazi kiwandani, akalipwa jozi mbili za buti za baridi. Asen, mume wa Tota, ndiye aliyeliagiza. Humo mliingizwa kila mguu mgonjwa wa Peshtera na vijiji vyake: wenye vidole vilivyopandana, wenye wayo bapa, wenye mguu mmoja mrefu. Asen aliwaahidi wateja wake kwamba hakuna atakayeona aibu ya miguu yao. Mteja alikanyaga karatasi, akachorwa kwa penseli, vipimo vikaingizwa kwenye daftari, na karatasi ikachomwa jikoni jioni ileile. Asen alikufa, mhandisi akamfuata, lakini desturi ya kuchoma karatasi ilibaki. Kwa hiyo daftari lilikuwa shahidi pekee.

Kabla ya Krismasi kompyuta ya zamani ilikufa. Vasko, kijana mwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta karibu na kituo cha mabasi, aliwaletea mpya mwezi wa kwanza, akahamishia daftari humo. Programu ikakataa kufunguka. Ilijitokeza, ikatazama huku na huku kama mgeni aliyekosea nyumba, ikafa. Vasko alibonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, akafungua kidirisha fulani, akaweka alama ya vema mahali, na programu ikafunguka kama jana.

Tota alitaka kujua alichofanya.

"Nimeiambia kompyuta iidanganye, shangazi," Vasko alisema. "Hii programu ni ya kizamani. Ikijua iko kwenye mfumo mpya inachanganyikiwa. Basi kila ikiuliza niko wapi, inajibiwa uko kulekule kwenu, mwaka ni uleule. Inatulia, inafanya kazi."

"Kwa hiyo humu ndani sasa kuna uongo."

"Uongo wa heri."

"Hakuna uongo unaokaa peke yake," Tota alisema. "Huwa unaita wenzake."

Ni siku hiyohiyo Tota alipodai awe na neno lake la siri. Kwenye mashine ya zamani waliingia wote kwa mlango mmoja, bila siri yoyote. Hii mpya ilikuwa inaruhusu kila mtu jina lake, Vasko alitaja hilo kwa kupita tu, na Tota akalidaka kama paka aliyeona mkia wa panya. Asubuhi angeingia yeye kwa neno lake. Mchana angeingia Ralitsa kwa la kwake. Kila mke na ufunguo wake, alisema, na Vasko akacheka akidhani ni utani.

*

Ukweli ni kwamba buti la Mila halikuwa kosa la kwanza. Mwezi wa tatu Tota aliwatafuta wateja wawili wapya kwenye daftari asiwaone. Alipomwambia Ralitsa, Ralitsa alifungua mchana, akamwita, akamwonyesha: hawa hapa wote wawili, na tarehe zao. Tota alitazama kioo cha kompyuta, akasema, "Umewaandika sasa hivi nilipogeuka." Utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Baada ya hapo Tota aliendelea na wateja wake wa zamani, aliowajua kwa miaka, akawaacha wapya mikononi mwa Ralitsa na Mincho, na suala likalala. Halikufa.

Baada ya siku hiyo Ralitsa alifanya jambo ambalo Asen asingelisamehe. Aliacha kuchoma karatasi. Kila mguu aliouchora aliukunja mara nne, akautia kwenye bahasha ya kaki ndani kabisa ya mkoba wake, ili siku akiulizwa awe na cha kushika mkononi.

Jumanne, siku moja baada ya Sevda, Tota alisimama mlangoni mwa karakana wakati wa kufunga. Alisema anatafuta kisu chake kidogo cha kuchongea, kile cha mpini wa pembe. Alisema hamshuku mtu, ila angefurahi kama kila mmoja angefungua mkoba wake. Kila mmoja alikuwa Ralitsa. Mincho hakuwa na mkoba.

Ralitsa alifungua. Angeweza kukataa, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Tota alitoa kitana, akatoa mkate uliobaki, akatoa bahasha. Alikunjua karatasi ya kwanza, ya pili, ya tano. Miguu ya watu ilijaa mezani.

"Kisu nimekikosa," Tota alisema, "lakini angalau nimejua wateja wangu wanakokwenda. Kwa Dimov, siyo? Anakulipa kwa mguu au kwa jozi?"

Dimov alikuwa na karakana mpya ng'ambo ya mto na alikuwa amewahi kumwambia Ralitsa, mbele ya watu kumi sokoni, kwamba kwake kuna kiti kitupu. Hakuna aliyelisahau neno hilo.

"Nimezitunza ili unisadiki," Ralitsa alisema.

"Mtu hutunza ili asadikiwe akishajua kwamba hasadikiki."

Ralitsa alimtazama mumewe. Mincho alikuwa anapangusa mashine ya kushonea iliyokwisha kupanguswa. "Mama, basi," alisema. "Rali, na wewe, kwa nini hukuzichoma tu?"

Kama angempiga isingemuuma vile. Bahasha ilibaki kwa Tota. Kisu cha mpini wa pembe kilikuwa mfukoni mwa aproni ya Tota, ncha ikichungulia, na wote watatu walikiona.

*

Alhamisi asubuhi Tota aliwaita wote wawili kwenye kompyuta. Alikuwa amevaa sweta lake la kanisani. Alimwambia Ralitsa aingie kwa neno lake la siri, afungue daftari, amtafute mteja anayeitwa Gana Petrova wa Bratsigovo.

Ralitsa alitafuta. Hakukuwa na Gana. Kulikuwa na Gana mwingine, wa Batak, mwenye kisukari, aliyekwisha kufariki.

"Hayupo, mama."

"Mincho, umesikia. Hayupo." Tota alimwondoa Ralitsa kitini kwa mkono begani, akatoka kwenye jina la Ralitsa, akaingia kwa la kwake, herufi moja moja kwa kidole kimoja, akiuficha ubao wa vitufe kwa mkono wa pili. Akafungua daftari. Gana Petrova wa Bratsigovo akatokea, na vipimo vyake vyote. "Nimemwandika Jumatatu mimi mwenyewe. Hakuna mtu kama huyo duniani. Nimemtega. Nilitaka nione atafutwa baada ya siku ngapi."

Mincho aliacha kujifanya hasikii. Aliketi juu ya kigoda, mikono katikati ya magoti.

Ralitsa alikuwa na machozi karibu, lakini kuna jambo lilikuwa linamkera kuliko machozi. Alikitazama kioo tena. Gana alikuwa pale, mzima, hajapungukiwa hata kidole.

"Mama," alisema, "kama nimemfuta, huyu amerudi vipi?"

Tota alikunja uso. "Umemficha."

"Nimemficha nikiwa nimesimama hapa, mikono yangu iko juu?"

Ralitsa aliinama. Chini ya kioo programu ilikuwa na tabia ya kuonyesha idadi ya wateja wote. Ilisema elfu moja mia tatu tisini na sita. Dakika tatu zilizopita, kwenye kioo hichohicho, alikuwa ameona elfu moja mia nne na zaidi, na hakuwa amelitilia maanani.

"Vua kiatu, mama."

"Nini?"

"Nakuomba uvue kiatu. Nikupime."

Labda ni kwa sababu katika miaka kumi na minne Ralitsa hakuwahi kumwamuru. Tota alivua. Ralitsa alipiga magoti, akamchora kwenye karatasi, mguu mzito wenye kifundo kilichovimba, akausoma kwa futi ya utepe. Kisha akaingia kwa neno lake mwenyewe, akafungua daftari, akasimama, akampisha mama mkwe kitini.

"Andika wewe. Mimi sigusi kitu. Mincho, njoo uangalie mikono ya mama yako."

Tota aliandika jina lake kamili, Tota Asenova Karadjova, na vipimo vyake, huku akisoma kila tarakimu kwa sauti kama anayetoa ushahidi. Alibonyeza pa kuhifadhi. Programu ikajibu kwamba imehifadhi. Akaifunga, akafungua tena. Alikuwamo.

"Sasa ingia kwa la kwako."

Akaingia. Kidole kimoja, mkono ukificha. Akafungua daftari, akajitafuta. Akatafuta kwa jina la kwanza, akatafuta kwa la ukoo, akapanda na kushuka kwenye orodha mpaka Mincho akamgusa bega.

Hakuwamo.

"Je, mama," Ralitsa alisema, polepole mno, "umejifuta mwenyewe, au umejipeleka kwa Dimov?"

*

Vasko alikuja na soda yake mkononi. Walimsimulia wote watatu kwa pamoja, akawaomba wanyamaze, akakaa. Alizunguka ndani ya mashine kwa muda, kisha akasema "aah," sauti ya mtu aliyeona alichokanyaga.

Aliwaeleza kwa kutumia kabati la ngozi lililokuwa nyuma yake. Zamani, alisema, programu iliruhusiwa kuandika palepale inapokaa, ndani ya kabati kuu. Mifumo mipya imekataza: kabati kuu lina kufuli, kwa usalama. Lakini programu za kizamani hazijui kuna kufuli. Zinakwenda kuandika kama zilivyozoeshwa, na zikikataliwa zinakufa. Basi mfumo unazihurumia. Unapokea karatasi mlangoni, unasema ahsante, nimeiweka kabatini. Halafu hauiweki kabatini. Unaiweka kwenye droo ya siri ya yule aliyeingia.

"Droo ya nani?" Mincho aliuliza.

"Ya kila mtu kivyake. Shangazi ana yake, Ralitsa ana yake. Wateja wa zamani mnawaona wote, kwa sababu walikuwamo mlipogawanyika. Tangu siku hiyo kila mmoja anaandika la kwake, na programu inamwapia kwamba ndilo lile lile moja. Hata yenyewe haijui."

Buti la Mila likaeleweka. Ralitsa alibadilisha kipimo ndani ya droo yake, Tota akachonga kwa kusoma ya kwake.

"Na hauwezi kutuambia?" Tota aliuliza. "Miezi mitano hauwezi kusema neno moja?"

"Ukisema si siri tena, na programu inakufa. Wema wake ndio huo."

"Huo si wema. Huo ni umbea wa kimyakimya."

Vasko alikunywa soda. Alisema, bila ubaya wowote, kwamba kosa ni lake pia, angepaswa kuiweka programu mahali pasipo kufuli tangu mwanzo. Kisha akaongeza kwamba kama wangeingia wote kwa jina moja kama zamani, hata lisingetokea. Droo ingekuwa moja. "Nani vile aliyetaka maneno mawili ya siri?"

Nje mtu alikuwa anakata kuni kwa msumeno wa umeme, na Tota aligeuka kuusikiliza kana kwamba unamhusu.

*

Kuunganisha droo mbili kulikuwa kazi ya mkono. Vasko aliihamisha programu, akaweka humo daftari la Ralitsa, kwa kuwa ndilo lililokuwa na wengi, arobaini na wawili wapya, wa arobaini na mbili akiwa Tota mwenyewe. La Tota alilifungua pembeni, akawaachia waandike upya yale yasiyokuwamo. Kwa vipimo vya wateja wa zamani hakukuwa na cha kuongeza, kwa maana Tota alisoma tu, hakupima mtu. Nyongeza zake zilikuwa majina sita.

Tota alikuwa amekwenda jikoni kupasha supu ya maharage. Ralitsa aliyasoma majina yale peke yake. Gana Petrova wa Bratsigovo ndiye wa mwisho. Waliotangulia alikuwa hawajui: mmoja wa Rakitovo, mmoja wa Velingrad, wote wanawake. Kila mmoja alikuwa mtego.

Kisha akaona tarehe. Mtego wa kwanza uliandikwa mwezi wa kwanza, siku moja baada ya Vasko kuleta kompyuta. Hakuna mteja aliyekuwa amepotea wakati huo. Hakukuwa na buti la Mila wala bahasha. Hakukuwa na chochote.

Akasoma na vipimo, kwa mazoea ya kazi. Wanawake wote sita walikuwa na miguu ya mtu mmoja. Kushoto, milimita mia mbili arobaini na moja; kulia, mia mbili thelathini na nane; wayo wa kushoto umeanguka kidogo upande wa ndani. Mtu anaweza kubuni jina. Fundi wa kalibu hawezi kubuni mguu, lazima achukue ulio karibu. Hii ilikuwa ya Ralitsa mwenyewe, ingawa hakuwa amewahi kupimwa na Tota. Lakini jioni zote hizo aliviacha viatu vyake mlangoni, kama kila mtu avuavyo anapoingia ndani, na mtu mwenye macho yale alikuwa akivisoma.

"Hawa tuwafute?" Vasko aliuliza, akivaa koti.

"Wafute," Ralitsa alisema. Kisha akasema, "Ngoja." Akachukua kipande cha karatasi, akainakili ile tarehe ya kwanza, akaikunja mara nne.

Mezani Tota alimpakulia Ralitsa kwanza, kabla ya mwanawe, jambo ambalo halijapata kutokea. Bahasha ya kaki ilikuwa imerudishwa karibu na kijiko chake. Buti la Mila, alisema Tota, angelishusha yeye mwenyewe na kulipeleka kwa Sevda kwa miguu yake, na hatachukua hata lev moja ya malipo. Kuhusu mengine alisema, akiwa anakata mkate, "Kesho ni saa tatu. Majina mawili, kama tulivyopanga." Hiyo ndiyo iliyokuwa radhi. Mwingine katika ukoo ule hakuwahi kupata kubwa zaidi.

*

Ofisi ya mwanasheria ilikuwa juu ya duka la dawa. Alikuwa mwanamke mwenye haraka, akawasomea hati kwa kasi ya mtu anayeimba misa, akawageuzia karatasi na kalamu. Tota alitia sahihi. Mincho akatia. Kalamu ikafika kwa Ralitsa.

Ralitsa aliiweka chini. Akavuta hati karibu, akaanza kusoma kutoka juu. Zilikuwa kurasa nne. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, jina la karakana, namba ya kiwanja, mipaka, jina la Mincho, jina lake, herufi zake zote. Alipomaliza ukurasa wa nne alirudi wa kwanza. Mwanasheria alitazama saa. Mincho alikohoa. Nje kengele ya kanisa ilipiga, ikanyamaza.

"Huniamini?" Tota aliuliza.

"Nasoma tu, mama," Ralitsa alisema, akafungua ukurasa wa pili.